Namba za id zinazojiongeza kwenye Django: mwongozo kamili kupitia daftari la asali

Malalamiko ya wanaojengea vikundi mifumo midogo kwa Django (zana ya Python ya kujengea mifumo ya wavuti) hapa Tabora ni yaleyale. Namba ya stakabadhi imeruka kutoka 41 kwenda 43, na mhasibu anauliza 42 imekwenda wapi. Orodha ya wanachama imeingia vizuri kutoka Excel, lakini mwanachama wa kwanza kusajiliwa kwa mkono anakataliwa. Namba ya simu imefanywa ufunguo msingi (primary key, yaani safu inayoutambulisha kila mstari wa jedwali), mzee mmoja wa Kitunda amebadili laini, na sasa yumo kwenye mfumo mara mbili.

Mzizi wa yote ni mmoja. Namba ambayo hifadhidata inajitolea yenyewe imebebeshwa kazi isiyo yake.

Mfano tutakaoufuata ni daftari la kupokelea asali la kikundi cha wafugaji nyuki wilayani Sikonge. Wanachama wanatoka Ipole, Tutuo na Kitunda, wanaleta ndoo, karani anapima, stakabadhi inatoka. Programu ndani ya mradi inaitwa `asali`. Kama wewe unajengea chama cha tumbaku Urambo au ghala la mpunga Igunga, badilisha majina tu, hatua hazibadiliki.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Python 3.10 au jipya zaidi, na Django 5.2.
- PostgreSQL kwenye kompyuta yako, pamoja na kiunganishi chake: `pip install "psycopg[binary]"`.
- Orodha halisi ya wanachama, hata mistari 30, ikiwa na makosa yake yote. Data safi ya kubuni haitakufundisha kitu.
- Nakala ya akiba ya hifadhidata kama mfumo tayari unatumika. Amri ni `pg_dump`. Usianze hatua ya 8 bila nakala hiyo.
- Karatasi na kalamu.

Kwa nini PostgreSQL na si SQLite inayokuja na Django? Kwa sababu SQLite inaficha makosa mawili kati ya yale yanayowaangusha watu wengi, na utayaona hatua ya 5 na ya 7. Mfumo unakwenda vizuri kwenye kompyuta ya mezani, ukipandishwa kwenye seva unagoma, na mtu anailaumu seva. Jaribu nyumbani kwa hifadhidata ileile itakayotumika kazini.

## Hatua ya 1: Amua namba ipi ni ya nani

Usifungue kihariri bado. Chukua karatasi, andika kila jedwali unalolitaka, na chini yake andika namba mbili: ya hifadhidata na ya watu.

Namba ya hifadhidata ni `id`. Kazi yake ni kuutofautisha mstari mmoja na mwingine na kuunganisha majedwali. Haina maana nyingine, na ukosefu huo wa maana ndio unaoifanya idumu: hakuna siku mtu atakuja kuomba irekebishwe.

Namba ya watu ni ile inayosomwa na kuandikwa, yaani namba ya uanachama, ya stakabadhi, ya simu. Hizi hubadilika. Laini hupotea, karani hukosea tarakimu, kikundi huamua mwaka ujao kila namba ianze na herufi za kijiji.

Ukiifanya simu kuwa ufunguo msingi, halafu ukaibadilisha na kuita `save()`, Django haibadilishi mstari wa zamani. Inatafuta mstari wenye ufunguo mpya, inaukosa, inaandika mwingine. Wa zamani unabaki palepale na mapokezi yake yote. Ndivyo yule mzee alivyopata mapacha.

Umefanikiwa ikiwa: kila jedwali kwenye karatasi lina `id`, na kila namba ya watu imeandikwa kama safu ya kawaida, zile za uanachama na stakabadhi zikiwa haziruhusu kujirudia.

## Hatua ya 2: Chagua ukubwa wa namba

Kwenye `settings.py` hakikisha mstari huu upo:

```python
DEFAULT_AUTO_FIELD = "django.db.models.BigAutoField"
```

`AutoField` inafika 2,147,483,647. `BigAutoField` inafika 9,223,372,036,854,775,807. Kikundi cha asali hakitafika hata kwenye ile ndogo, lakini kuanza na kubwa hakukugharimu chochote, ilhali kuhama baadaye kunailazimu PostgreSQL iliandike upya jedwali zima huku imelifunga.

Kwenye mradi uliorithi kwa mtu, fungua pia `asali/apps.py`. Kama kuna `default_auto_field` humo, hiyo ndiyo inayoshinda, si ile ya `settings.py`.

Umefanikiwa ikiwa: `python manage.py check` haitoi onyo la `models.W042`.

## Hatua ya 3: Andika modeli bila kuitaja id

```python
from django.db import models

class Mfugaji(models.Model):
    jina = models.CharField(max_length=120)
    namba_ya_uanachama = models.CharField(max_length=20, unique=True)
    simu = models.CharField(max_length=20, blank=True)
    kijiji = models.CharField(max_length=80)

class KauntaYaStakabadhi(models.Model):
    msimu = models.CharField(max_length=9, unique=True)
    ya_mwisho = models.PositiveIntegerField(default=0)

class Mapokezi(models.Model):
    mfugaji = models.ForeignKey(
        Mfugaji, on_delete=models.PROTECT, related_name="mapokezi"
    )
    tarehe = models.DateField()
    uzito_kg = models.DecimalField(max_digits=8, decimal_places=2)
    msimu = models.CharField(max_length=9)
    stakabadhi = models.PositiveIntegerField()
    imebatilishwa = models.BooleanField(default=False)

    class Meta:
        constraints = [
            models.UniqueConstraint(
                fields=["msimu", "stakabadhi"],
                name="stakabadhi_moja_kwa_msimu",
            )
        ]
```

Neno `id` halipo popote. Modeli, yaani darasa la Python linaloeleza jedwali moja, isipotaja ufunguo msingi, Django inaongeza `id` yenyewe.

Angalia mitego miwili. Wa kwanza ni kuandika `id = models.IntegerField(primary_key=True)` ukidhani itajiongeza. Haijiongezi; PostgreSQL itakurudishia `null value in column "id"`. Wa pili ni kutaka namba ya stakabadhi nayo ijiongeze, ukaiandika `stakabadhi = models.AutoField()`. Django itakataa kwa kosa `fields.E100`, kwa kuwa safu ya aina hiyo ni lazima iwe ufunguo msingi, na modeli inaruhusiwa ufunguo mmoja tu. Dawa ya stakabadhi iko hatua ya 6.

Nimeweka `PROTECT`, inayokataa kumfuta mwanachama mwenye mapokezi, kwa makusudi. Ukiweka `CASCADE`, kumfuta mwanachama mmoja kunafuta kila kilo aliyowahi kuleta, na hesabu ya ghala haitakuja kulingana tena.

## Hatua ya 4: Tengeneza migresheni na uisome

```
python manage.py makemigrations asali
python manage.py sqlmigrate asali 0001
python manage.py migrate
```

Migresheni ni faili la maagizo ya kubadili majedwali ya hifadhidata. Wengi wanairuka amri ya katikati. Usiiruke. Ndiyo inayokuonyesha hifadhidata itaambiwa nini hasa.

Umefanikiwa ikiwa kila jedwali lina mstari huu:

```
"id" bigint NOT NULL PRIMARY KEY GENERATED BY DEFAULT AS IDENTITY
```

Maneno `BY DEFAULT` yakumbuke. Maana yake ni kwamba PostgreSQL inatoa namba usipoleta yako; ukileta yako inaipokea bila kuuliza, na kaunta yake haisogei. Hatua ya 7 yote inatokana na hilo.

Sasa ingia `python manage.py shell`:

```python
from asali.models import Mfugaji
m = Mfugaji(jina="Wa kwanza", namba_ya_uanachama="SK-001", kijiji="Ipole")
m.pk      # None
m.save()
m.pk      # 1
```

Kabla ya `save()` namba haipo. Kwa hiyo ukitunga jina la faili la picha au maandishi ya stakabadhi kutokana na `id` kabla ya kuhifadhi, utapata stakabadhi iliyoandikwa "None". Hifadhi kwanza, soma namba baadaye. Na uzoee kuandika `pk` badala ya `id`: inafanya kazi hata kwenye modeli ambayo ufunguo wake una jina jingine.

## Hatua ya 5: Yazoee mapengo

Hapa ndipo simu za wahasibu zinapoanzia. Lione pengo kwa macho yako kwanza:

```python
from django.db import transaction

try:
    with transaction.atomic():
        Mfugaji.objects.create(
            jina="Wa majaribio", namba_ya_uanachama="SK-900", kijiji="Tutuo")
        raise RuntimeError
except RuntimeError:
    pass

m = Mfugaji.objects.create(
    jina="Wa pili", namba_ya_uanachama="SK-002", kijiji="Tutuo")
m.pk      # 3
```

Namba 2 ilitolewa, kazi ikafutwa katikati, na namba haikurudi. Ni kama kitabu cha stakabadhi: karatasi ukishaichana ikaharibika, unaandika inayofuata. Ukirudia zoezi hili kwenye SQLite utapata 2, kwa sababu pale kaunta inarudishwa pamoja na kazi iliyofutwa. Hilo ni kosa la kwanza kati ya yale mawili yanayofichwa.

PostgreSQL inafanya hivi kwa sababu ya kasi. Makarani wawili wakiwa kwenye mizani miwili, kila mmoja anapewa namba yake papo hapo bila kusubiri kazi ya mwenzake ithibitishwe. Kama namba ingerudishwa, wa pili angelazimika kungoja ajue kama wa kwanza amefaulu.

Mapengo yanatoka kwingine pia. Mstari uliofutwa hauachi namba yake itumike tena. Na umeme ukikatika seva ikazimika ghafla, PostgreSQL inaweza kuruka namba hadi 32 ikiwaka tena, kwa kuwa inaandika kumbukumbu ya kaunta kwa mkupuo wa 32. Ukikuta `id` imetoka 57 ikaenda 90 asubuhi baada ya usiku wa giza, hakuna aliyeiba kitu.

Onyo, na hili nalisisitiza kuliko yote. Usijaribu kuyaziba mapengo kwa `max` ya `id` ukajumlisha moja, wala kwa `count()` ukajumlisha moja. Ya kwanza inawapa makarani wawili namba moja wakibonyeza kwa wakati mmoja. Ya pili inajirudia mara tu mstari mmoja unapofutwa.

## Hatua ya 6: Mpe mhasibu namba yake mwenyewe

Mhasibu ana haki ya kutaka stakabadhi zifuatane. Hana haki ya kuipata haki hiyo kutoka kwenye `id`. Kwa hiyo tunatumia jedwali la kaunta tuliloliandika hatua ya 3:

```python
from django.db import transaction
from asali.models import KauntaYaStakabadhi, Mapokezi

@transaction.atomic
def pokea_asali(mfugaji, tarehe, uzito_kg, msimu):
    kaunta = KauntaYaStakabadhi.objects.select_for_update().get(msimu=msimu)
    kaunta.ya_mwisho += 1
    kaunta.save(update_fields=["ya_mwisho"])
    return Mapokezi.objects.create(
        mfugaji=mfugaji, tarehe=tarehe, uzito_kg=uzito_kg,
        msimu=msimu, stakabadhi=kaunta.ya_mwisho,
    )
```

`select_for_update()` inaufunga mstari wa kaunta mpaka kazi ikamilike. Karani wa pili anasubiri kidogo sana. Kazi ikishindikana, kaunta inarudi ilipokuwa pamoja na kila kitu kingine, na pengo halitokei. Ndiyo, hapa tunasubirishana, jambo ambalo `id` inalikwepa. Kwenye kituo cha kupokelea ndoo hakuna atakayeuona usubiri huo.

Kaunta ya msimu itengeneze kwa mkono mara moja, mwanzoni mwa msimu. Ukiuacha mfumo uitengeneze wenyewe, siku karani akikosea kuandika msimu utaanzishwa mfululizo wa pili wa stakabadhi kuanzia 1.

Stakabadhi iliyokosewa haifutwi. Weka `imebatilishwa` iwe kweli, kisha toa nyingine. Ukifuta, umelirudisha pengo kwa mkono wako.

Jaribu hivi: fungua madirisha mawili ya `shell`, na kwenye yote mawili leta `transaction`, `KauntaYaStakabadhi` na `pokea_asali`. Kwenye la kwanza andika:

```python
import time
with transaction.atomic():
    KauntaYaStakabadhi.objects.select_for_update().get(msimu="2025/26")
    time.sleep(20)
```

Wakati huohuo, kwenye la pili ita `pokea_asali` kwa msimu uleule. Likiganda mpaka la kwanza limalize, umefaulu. Lisipoganda, angalia `settings.py`: huenda bado uko kwenye SQLite, ambako `select_for_update()` haina athari yoyote.

## Hatua ya 7: Ingiza orodha ya zamani bila kuivuruga kaunta

Orodha ya Excel huwa na safu ya "Na." upande wa kushoto, na mkono unawasha kuiweka kwenye `id`. Usifanye hivyo. Namba hiyo ni ya watu. Mahali pake ni `namba_ya_uanachama`. `id` iache ijitoe.

Kama umeshaingiza ukiwa na `id` zako, iwe kwa `bulk_create` au kwa `COPY`, utakutana na hili mwanachama mpya anaposajiliwa:

```
duplicate key value violates unique constraint "asali_mfugaji_pkey"
DETAIL:  Key (id)=(1) already exists.
```

Kaunta haijui kwamba 1 hadi 240 zimekwishatumika. Bado iko mwanzoni, inatoa 1, inagonga mwamba. Kila jaribio linaloshindikana linaisogeza hatua moja, na ndiyo maana utasikia karani akisema "ukibonyeza sana mwisho inakubali". Anasema kweli: akibonyeza mara ya 241 itakubali. SQLite inaisogeza kaunta yenyewe inapoona namba kubwa, kwa hiyo nyumbani kosa hili hulioni. Hilo ni la pili lililofichwa.

Tiba ni mstari mmoja, ukiendeshwa wakati hakuna anayeandika kwenye mfumo:

```
python manage.py sqlsequencereset asali | python manage.py dbshell
```

Sehemu ya kushoto inaandika maagizo ya kusogeza kaunta ya kila jedwali la `asali` hadi `id` kubwa iliyopo; ya kulia inayatekeleza. Inahitaji `psql` iwe imesakinishwa. Ukiwa na wasiwasi, endesha ya kushoto peke yake kwanza uisome.

Data uliyoiingiza kwa `loaddata` haihitaji tiba hii. Amri hiyo inazirekebisha kaunta yenyewe.

Umefanikiwa ikiwa: mwanachama mpya anakubaliwa kwa jaribio la kwanza, na `id` yake ni kubwa kuliko zote.

## Hatua ya 8: Kuokoa jedwali lililoanza na ufunguo mbaya

Hatua hii ni ya aliyekwisha kuweka `simu` kuwa ufunguo msingi na ana data ndani. Wengine ruka.

Ukiondoa `primary_key=True` na kuendesha `makemigrations`, Django itasema haiwezi kuongeza `id` isiyoruhusu utupu bila thamani ya kuanzia, na itakuomba uiandike. Watu wanaandika 1. Thamani hiyo inapewa kila mstari, na ufunguo msingi hauwezi kuwa 1 kwa watu wote. Bonyeza namba ya kuacha, utoke.

Njia salama ni ndefu:

1. Unda modeli `MfugajiMpya`, yenye safu zote, `simu` ikiwa safu ya kawaida.
2. Kwenye `Mapokezi` ongeza `mfugaji_mpya`, kiungo kinachoruhusu utupu kwa `null=True`.
3. Andika migresheni ya data:

```python
def hamisha(apps, schema_editor):
    Zamani = apps.get_model("asali", "Mfugaji")
    Mpya = apps.get_model("asali", "MfugajiMpya")
    Mapokezi = apps.get_model("asali", "Mapokezi")
    for z in Zamani.objects.order_by("namba_ya_uanachama"):
        n = Mpya.objects.create(
            jina=z.jina, simu=z.simu, kijiji=z.kijiji,
            namba_ya_uanachama=z.namba_ya_uanachama)
        Mapokezi.objects.filter(mfugaji=z).update(mfugaji_mpya=n)
```

Iite kwa `migrations.RunPython(hamisha)`. Hapa hatuleti `id` yoyote kutoka nje, kwa hiyo kaunta inabaki sawa.

4. Hakiki: `Mapokezi.objects.filter(mfugaji_mpya__isnull=True).count()` iwe 0, na jumla ya kilo kwa kila kijiji ilingane na ya kabla. Isipolingana, simama hapo.
5. Ndipo uondoe kiungo cha zamani na modeli ya zamani, kisha ubadilishe majina. Django itakuuliza kama umebadilisha jina, jibu ndiyo.

Mapacha kama wale wa mzee wa Kitunda uwaunganishe kabla ya namba 3, ukiwa na daftari la karatasi mkononi. Kompyuta haijui ni nani aliyebadili laini.

## Hatua ya 9: id inapoonekana kwenye anwani ya ukurasa

Anwani ya `/mapokezi/58/` inamwalika mwenye kudadisi aandike 59. Wengi hukimbilia UUID, kitambulisho kirefu cha kubahatisha kisichojirudia, kwa kila jedwali. Kwa daftari kama hili siungi mkono: karani akipiga simu kutoka Ipole anataka kusema "angalia mapokezi mia nne na kumi na mbili", hataki kusoma herufi na tarakimu 32.

Kinachotakiwa ni ulinzi. Kama wanachama wanaingia kwenye mfumo, mpe `Mfugaji` safu ya `mtumiaji` inayomuunganisha na akaunti yake, kisha utafute kwa masharti yote mawili:

```python
p = get_object_or_404(Mapokezi, pk=pk, mfugaji__mtumiaji=request.user)
```

UUID ibaki kwa kiungo kinachotumwa nje kwa mtu asiye na akaunti, kwa mfano mnunuzi anayefungua stakabadhi kwenye simu. Hata hapo iwe safu ya pembeni yenye `unique=True` na `default=uuid.uuid4`, bila mabano mwishoni. Ukiyaweka, thamani moja itatumika kwa mistari yote. Kwenye jedwali lenye data tayari, safu hiyo iongeze kwanza ikiwa tupu, uijaze mstari kwa mstari, ndipo uidai iwe ya pekee.

Umefanikiwa ikiwa: ukiingia kwa akaunti ya mwanachama mmoja na kufungua anwani ya mapokezi ya mwingine, unapata 404, yaani ukurasa haupatikani.